Jina la Chuo na Deni Lake

Barua mbili za udahili zilinifikia ndani ya juma moja. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu cha umma ambacho ada yake wazazi wangu wangeweza kuilipa kwa kujibana. Ya pili ilitoka chuo cha binafsi ambacho jina lake hata mtu asiyewahi kukanyaga darasa angelitambua, na ndani yake mlikuwa na ahadi ya ufadhili wa nusu ya ada. Nilichagua ya pili. Nilisoma huko miaka miwili, kisha nikahamia chuo cha umma na kumalizia shahada yangu ya takwimu kwa miaka mingine mitatu, kwa sababu sehemu ya masomo niliyokwisha kuyafaulu haikutambuliwa nilipohama. Ninaandika, basi, nikiwa nimekaa pande zote mbili za uamuzi ambao wengi huufanya mara moja tu, na ninaandika sasa kwa kuwa mdogo wangu wa mwisho ameshika barua zake mbili mkononi na ameniomba nimweleze ukweli wote.

Nyumbani tulikuwa watoto wanne. Baba alikuwa seremala na mama mwalimu wa shule ya msingi, nao walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo. Akiba ile ilitosha kunisomesha chuo cha umma mpaka mwisho bila kukopa popote. Hesabu ilikuwa wazi, lakini furaha ya jina lile ilikuwa imekwisha kuijaza nyumba: majirani walikuja kutupongeza, mama aliisoma barua kwa sauti mara tatu, na mimi mwenyewe nilikwisha kujiona nikitembea katika viwanja ambavyo picha zake nilikuwa nikizitazama tangu nikiwa sekondari. Baba peke yake ndiye aliyeuliza, usiku baada ya wageni kuondoka, “Mwanangu, na hiyo nusu nyingine itatoka wapi?” Nilimjibu kwamba nitakopa, na kwamba mtu aliyesoma chuo kama kile hakosi mshahara wa kulipia deni. Hakuwa na hoja ya kunipinga, kwa maana hakuwa amepita njia hiyo. Nami pia sikuwa nimeipita. Nilisema kwa uhakika jambo nisilolijua, naye akaniamini kwa sababu alikuwa baba yangu. Hilo limenikaa moyoni kuliko hasara yoyote ya fedha.

Neno lililotuponza ni hilo “nusu”. Barua haikusema popote kwamba chuo kingelipa nusu ya ada ya kila mwaka. Ilitaja kiasi maalumu ambacho kwa mwaka wa kwanza kilikuwa sawa na nusu, na kiasi hicho kikabaki palepale huku ada ikipanda. Chukua mfano wa ada ya 100 inayopanda kwa asilimia 5 kila mwaka, na ufadhili wa 50 usiobadilika. Mwaka wa kwanza mwanafunzi analipa 50. Mwaka wa nne ada imefika karibu 116, kwa hiyo analipa karibu 66: ada yenyewe imepanda kwa chini ya sehemu moja ya sita, lakini mzigo wake umeongezeka kwa karibu theluthi moja. Aliyepanga kutoa 200 kwa miaka minne atajikuta anadaiwa 231, na hapo hatujagusa malazi, vitabu wala nauli. Ni hesabu nyepesi ambayo ningeweza kuifanya kwa dakika chache. Sikuifanya kwa kuwa, nikisema kweli, sikutaka kulijua jibu lake.

Sharti la pili lilikuwa ukurasa wa nyuma. Ufadhili ungeendelea mradi wastani wa alama zangu usishuke chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko kile cha kawaida cha kufaulu. Ada ilipopanda nilitafuta kazi ya jioni ili kuziba pengo. Kazi ya jioni ilikula saa za kusoma, saa za kusoma zilipopungua alama zikashuka, na mwishoni mwa mwaka wa pili ufadhili ukafutwa kwa tofauti ndogo mno ya alama. Sisemi kwamba nilidhulumiwa, kwa sababu sharti lilikuwa limeandikwa na mimi ndiye niliyetia sahihi. Ila nimejifunza kwamba ufadhili wenye sharti la alama kubwa humwangukia vibaya zaidi yule yule anayelazimika kufanya kazi ili asome. Mwenzake ambaye nyumbani wana uwezo, hata akiupoteza, familia itamlipia.

Ningekosa haki kama nisingesema nilichokipata kule. Madarasa yalikuwa ya watu 15 au 20, na wahadhiri walitufahamu kwa majina kufikia juma la tatu. Insha yangu ya kwanza ilirudishwa ikiwa na maelezo mengi kuliko maandishi yangu mwenyewe, nikaambiwa niiandike upya, nikaiandika, ikarudishwa tena. Nilijifunza kusimama mbele ya watu na kutetea hoja bila kutetemeka. Nilijifunza pia, kwa kuwasikiliza wenzangu tu, kwamba kuna kazi na taasisi ambazo sikuwahi kujua kama zipo. Miaka ile miwili ilinifungua macho, na siitamani irudishwe nyuma.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinachouzwa na jina la chuo haikuwa darasani. Ilikuwa katika likizo, pale wenzangu walipokwenda kufanya mafunzo kwa vitendo yasiyo na malipo katika ofisi ambazo baadaye ziliwaajiri, nami nikabaki nikifanya kazi ya dukani kwa sababu nilihitaji malipo ya mwezi ule ule. Ilikuwa katika safari, katika vilabu vyenye kiingilio, katika chakula cha usiku ambacho watu hufahamiana na baadaye kuinuana. Nilikuwa nimekopa ili niingie mlango wa mbele, kisha nikakuta vyumba vya ndani vina viingilio vyake. Jambo hili halimo katika kijitabu chochote cha udahili, na ningeomba kila kijana asiye na uwezo alitafakari kabla ya kutia sahihi: jina la chuo hufanya kazi yake yote kwa yule tu mwenye nafasi na fedha za kulitumia.

Kuhama kulikuwa kugumu. Mama alilia, si kwa kunilaumu, bali kwa kudhani nimeaibika. Kitengo cha udahili cha chuo cha umma kilipitia orodha ya masomo yangu na kukataa karibu theluthi yake, kwa kuwa mitaala haikulingana, na hivyo nikaongezewa mwaka mzima. Laiti ningaliuliza mapema, kabla ya kuchagua masomo ya mwaka wa pili, ningaliweza kuchukua yale yanayotambulika kote kote, kama kalkulasi, aljebra ya mistari na nadharia ya uwezekano, na kuyaacha yale ya mapambo. Anayeanza katika chuo ghali huku akijua kwamba huenda atashindwa kumaliza na aliweke hilo akilini tangu muhula wa kwanza.

Chuo cha umma kilinipokea kwa kumbi za watu 300, foleni za usajili na kompyuta chache za kugombea. Muhula mzima niliishi kama mpangaji ambaye hajafungua masanduku: sikujiunga na kikundi chochote cha kujisomea, sikumfuata mhadhiri yeyote ofisini, nikawa ninalinganisha kila kitu na kule nilikotoka. Kilichonitoa katika hali hiyo ni mhadhiri wa somo la sampuli, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, ambaye ofisi yake ilikuwa wazi kila Jumatano na hakuna aliyekuwa akienda. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimepotea katika zoezi. Nikaendelea kwenda kila Jumatano kwa miaka miwili na nusu. Katika chuo kile kidogo uangalizi wa mwalimu ulikuwa sehemu ya ada na ulikufikia hata usipoutafuta. Katika chuo kikubwa ulikuwepo vilevile, ila ulipaswa kuufuata mwenyewe, na wanafunzi wengi waliokuwa na akili kuliko mimi hawakuambiwa na mtu kwamba mlango uko wazi.

Ni mama huyo aliyetufundisha kuhusu upendeleo wa uteuzi, yaani kosa la kulinganisha makundi mawili ya watu ambayo yalitofautiana tangu mwanzo na kudhani kwamba tofauti ya mwisho imeletwa na kitu kimoja tu. Mfano alioutumia ulikuwa utafiti wa wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger, uliochapishwa mwaka 2002. Wahitimu wa vyuo teule vya Marekani, yaani vile vinavyokubali wachache kati ya wanaoomba, hupata mishahara mikubwa kuliko wengine, hilo lilijulikana. Dale na Krueger waliuliza kama ni chuo kilichowapa mishahara hiyo, au ni kwamba vyuo hivyo huwachagua watu ambao wangefanikiwa popote. Walichukua wanafunzi walioanza chuo mwaka 1976, wakawalinganisha wale waliokuwa wameomba na kukubaliwa na vyuo vinavyolingana, lakini baadhi wakaenda kwenye chuo teule zaidi na wengine wakaenda kwenye chuo cha kawaida. Tofauti ya mishahara ikatoweka kwa sehemu kubwa. Mtu mwenye uwezo na ari ya kuomba chuo kikubwa alikwenda na uwezo na ari hiyo kokote alikosoma.

Nilisikia moyo wangu ukitulia nilipoyasikia hayo, nami ningependa kuishia hapo, kama wanavyoishia wengi wanaoutaja utafiti huo. Lakini mwalimu hakutuachia. Alituonyesha kwamba matokeo hayo yalikuwa na kundi lililotofautiana: wanafunzi waliotoka katika familia za kipato cha chini walinufaika kwa kusoma chuo teule. Utafiti wa pili wa watafiti hao hao, uliochapishwa mwaka 2014, uliwataja pia wanafunzi weusi, wenye asili ya Kihispania, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Sababu inaelezeka. Mtoto wa wakili anao tayari watu wa kumpigia simu, kwa hiyo chuo hakimwongezei sana. Mtoto wa seremala anayapata hayo chuoni kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo lote hili, na sijawahi kupata njia ya kuulainisha. Yule anayehitaji zaidi jina la chuo ndiye asiyeweza kulilipia, na akilipia kwa mkopo, deni linaanza kumnyang’anya kile kile alichokuja kukitafuta.

Niseme lilivyoninyang’anya mimi. Nilimaliza shahada nikiwa na deni la miaka miwili tu, na hata hilo lilitosha. Mwalimu wangu alinitafutia nafasi ya msaidizi wa utafiti katika taasisi ya afya, yenye malipo madogo lakini yenye njia ya kuendelea hadi shahada ya uzamivu. Wenzangu wawili ambao hawakuwahi kusoma kwingine isipokuwa chuo cha umma, na hawakudaiwa na mtu, walichukua nafasi za aina hiyo. Mimi nilizidisha malipo yale kwa miezi 12, nikatoa marejesho ya mkopo, nikaona kilichobaki hakitoshi pango na chakula. Nikaenda kufanya kazi ya mauzo ya bima iliyolipa zaidi, kazi ambayo haikuwa mbaya wala haikuwa yangu. Nilikaa huko miaka minne. Mkopo wenye riba ya asilimia 8, ukiachwa bila kulipwa, hujirudufu kwa takribani miaka 9, kwa hiyo kuchelewesha marejesho hakukuwa ahueni. Deni ndilo lililonichagulia kazi ya kwanza. Nilirudi katika takwimu baadaye, na sasa ninachambua takwimu za wagonjwa katika hospitali, kazi ninayoipenda kwa dhati, lakini nilirudi nikiwa nyuma ya wenzangu kwa miaka ambayo hairudi.

Watu huniuliza kama waajiri walijali jina la chuo. Inategemea mlango unaobisha. Katika kazi zenye mtihani mmoja wa leseni kwa wote, kama uuguzi, udaktari, uhasibu au uhandisi, mtihani ule hausahihishwi kwa kuangalia ulikotoka, na baada ya mwaka mmoja au miwili kazini watu huangalia mikono yako. Usaili wangu wa hospitalini ulikuwa hivyo: nilipewa jedwali la data lenye kasoro nyingi na saa mbili za kulisafisha na kulieleza, wala hakuna aliyeuliza nilisoma wapi mpaka nilipokwisha kuajiriwa. Kwa upande mwingine, nimewahi kuomba kazi mbili katika makampuni ya ushauri na sikuitwa, ilhali wenzangu wa chuo cha kwanza wenye alama kama zangu waliitwa. Mwanauchumi Michael Spence alieleza mwaka 1973 kwamba elimu humsaidia mwajiri kama ishara, pale asipoweza kuuona uwezo wa mtu moja kwa moja. Ninadhani hiyo ndiyo tofauti niliyoikuta: pale walipoweza kunipima kwa saa mbili hawakuhitaji ishara, na pale walipokuwa na rundo la maombi ya kuchuja kwa asubuhi moja waliitumia ishara.

Utafiti wa wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman wa mwaka 2023, uliochunguza vyuo 12 vya binafsi vyenye hadhi ya juu kabisa Marekani, unakubaliana na nilichokiona. Kwa kipato cha wastani, kusoma huko badala ya chuo kizuri cha umma hakukuleta tofauti ya maana. Lakini nafasi ya kufika kwenye kilele kabisa cha kipato iliongezeka, na nafasi ya kuajiriwa katika makampuni yenye hadhi iliongezeka karibu mara tatu. Kwa hiyo anayesema jina halina maana anakosea, na anayesema jina humwinua kila mtu anakosea pia. Jina linafungua milango michache, mirefu sana, na kijana anapaswa kujiuliza kwa unyofu kama milango hiyo ndiyo anayoitaka au ni wengine wanaomtakia.

Tena jina lenyewe lina vipimo vyake. Orodha ya Shanghai, inayopanga vyuo vikuu vya dunia kwa ubora na iliyoanza mwaka 2003, hutoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na medali za Fields, ambazo ni tuzo za hisabati, zilizopatikana na wahitimu na wafanyakazi wa chuo, na sehemu kubwa ya zilizobaki hutokana na makala za utafiti. Ni kipimo halali cha utafiti. Hakisemi lolote kuhusu nani atasahihisha zoezi lako la mwaka wa kwanza. Na hata kwa kipimo hicho, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambacho ni cha umma, kimekuwa miongoni mwa kumi vya kwanza tangu orodha hiyo ianze. Umma si kisawe cha uduni, ingawa nyumbani kwetu tulizungumza kana kwamba ndivyo.

Narudi kwa mdogo wangu. Anataka kusoma uchumi na hajui bado kama anaelekea serikalini, benki au utafiti, kwa hiyo jibu la haraka halipo. Sikumwambia aende wapi. Nilimwambia kwanza kwamba bei iliyoandikwa na bei atakayolipa ni vitu viwili tofauti, kwa kuwa vipo vyuo ghali vinavyowagharimia wanafunzi wasio na uwezo bila kuwakopesha. Princeton, chuo kikuu cha binafsi cha Marekani, iliondoa mikopo katika misaada yake kwa wanafunzi mwaka 2001 na kuweka ruzuku badala yake. Barua yake ingekuwa ya aina hiyo, ningembebea begi mwenyewe mpaka mlangoni. Barua yake si ya aina hiyo. Inatoa ufadhili wa karibu theluthi mbili, na inayobaki ni mkopo.

Tulikaa mezani jioni mbili tukaandika maswali ya kupeleka katika ofisi ya ufadhili, tukaomba majibu yawe ya maandishi. Je, ufadhili ni kiasi maalumu au ni asilimia ya ada ya kila mwaka? Wastani wa alama ukishuka kwa muhula mmoja, kuna muda wa kujirekebisha au unafutwa papo hapo? Chuo kinagharimia mafunzo kwa vitendo yasiyo na malipo kwa wasio na uwezo? Swali hilo la tatu nililisisitiza mimi. Majibu ya mawili ya kwanza yamekuja: ufadhili ni asilimia, tofauti na wangu, na muhula mmoja wa kujirekebisha upo. Jibu la tatu halijafika. Wakati huo huo amekwenda mara mbili kukaa katika mihadhara ya idara ya uchumi ya chuo cha umma, akarudi na jina la mhadhiri mmoja na saa ambazo ofisi yake huwa wazi, na amethibitisha nafasi yake huko kabla ya tarehe ya mwisho ili asije akakosa kote.

Juzi baba, ambaye sasa ni mzee na hafanyi tena useremala, alimwuliza swali lile lile aliloniuliza mimi. Mdogo wangu alifungua daftari akamsomea mstari kwa mstari: kiasi cha mkopo kwa miaka minne, riba yake, marejesho ya kila mwezi, na mshahara wa chini kabisa ambao ungembidi aupate ili ayalipe na bado aishi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba arudie ule mstari wa mshahara.